Kiambaza cha Mianzi

Barabara iliacha kumnyonyesha ndama wa Tupokigwe katikati ya mlima, ukungu ukiwa bado umeyakalia mashamba ya chai, na baba mkwe wake akiwa amekaa nyuma ya kiambaza.

Hakukuwa na mlio wala mshtuko. Kigari kilipunguza mwendo kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha taa ya kijani kwenye usukani ikageuka manjano. Tupokigwe alikanyaga pedali, akakanyaga tena. Chini ya lami, mahali zilipolazwa nyaya za kulishia magari, palikuwa kimya.

"Dereva mpendwa," ilisema barabara kupitia spika ndogo ya mlangoni, kwa ile sauti yake ya mwanamke asiyechoka. "Chombo chako kina vyumba viwili. Hakilingani na daraja lililoandikishwa. Tafadhali tumia betri yako kusogea hadi kituo cha madaraja kilicho mbele. Ahsante kwa uvumilivu."

"Lakini wiki iliyopita ulinipitisha!"

"Tangu jana nimewekewa macho mapya," ilisema barabara. "Ahsante kwa uvumilivu."

Nyuma yake fimbo iligonga sakafu mara mbili. Mbili maana yake ilikuwa kuuliza: kuna nini? Moja maana yake: nipo, niko sawa. Hiyo ndiyo lugha pekee ambayo Mzee Angolwisye na mkamwana wake walikuwa wameizungumza tangu siku Tupokigwe alipoingia katika boma lile akiwa bibi harusi. Tupokigwe alirudisha mgongo kidogo, akagonga mianzi ya kiambaza kilichowatenganisha kwa kifundo cha kidole, moja. Nimesikia. Subiri.

Kigari kingine kilimpita taratibu, kimejaa madumu ya maziwa hadi kwenye dari. Mama aliyekuwa akikiendesha alitoa kichwa dirishani.

"Dada! Ndama wako amegoma kunyonya?"

"Amenyimwa, mama."

"Ee, poleni! Mpeleke hapo juu kwa mganga wake. Hayo macho mapya hayana haya, jana yamekamata mpaka bibi harusi!" Akacheka peke yake, akapotea kwenye ukungu.

Watu wa milimani waliviita vigari vile ndama kwa sababu havikuwa na nguvu zao wenyewe. Vilinyonya barabarani. Betri iliyokuwa chini ya kiti ilitosha kukitoa chombo uani hadi kwenye lami, na jioni kukirudisha. Mafahali, yaani malori na mabasi, yalikuwa na betri zao kubwa na madereva waliosomea. Ndama aliendeshwa na yeyote mwenye akili timamu: bibi wa kwenda sokoni, mwalimu, mchuma chai, na mtu kama Tupokigwe, ambaye hakuwa na leseni wala namna ya kuipata.

Aliwasha betri. Kigari kikaanza kupanda kwa kusuasua. Wasiwasi wake haukuwa betri. Jumatatu maporomoko yalikuwa yamefunga njia, na mzee hakufika kwenye mashine ya kusafishia damu. Muuguzi alikuwa amempigia simu, akasema neno moja moja ili asikosee kuelewa: "Asiruke tena. Akiruka tena maji yatampanda kifuani." Asubuhi hii, akiwa amejibanza nyuma ya jiko kama kawaida akingoja mzee aingie garini na kufunga mlango, Tupokigwe alikuwa amezisikia hatua zake uani. Zilikuwa hatua za mtu anayevuta miguu miwili isiyo yake.

*

Kituo cha madaraja kilikuwa banda la zamani la kupokelea majani ya chai. Harufu ya majani mabichi ilikuwa bado imeng'ang'ania mbao. Foleni ilikuwa ndefu, lakini kijana mwenye koti la kung'aa na kishikwambi mkononi aliona ile kanga ya kijani iliyofungwa kwenye kioo, alama ya gari lenye mgonjwa, akaja mbio.

"Habari za asubuhi, dada. Naitwa Gwakisa. Mimi ndiye ninayepanga madaraja hapa." Kisha akainama kwenye dirisha la nyuma. "Ugonile, tata!"

"Ndaga, mwanangu," ilijibu sauti nzito ya mzee. "Kuna nini huko mbele? Mbona tumesimama kama tumefika?"

"Jambo dogo, tata. Nipe muda kidogo."

Gwakisa alizunguka kigari. Aligusa kiambaza kupitia mlango wa mbele, akapitisha kidole kwenye mianzi iliyopasuliwa nyembamba na kusukwa kama mkeka, toka sakafuni hadi kwenye dari, bila tundu hata la kupitisha mwanga. Usoni mwake palikuja kitu kama huzuni.

"Hii ni kazi ya mikono," alisema.

"Ni yake," Tupokigwe alijibu, akielekeza kidevu nyuma bila kugeuka. "Aliisuka mwenyewe, miguu ikiwa imeshaanza kuvimba."

Gwakisa alichuchumaa karibu na mlango wake, ili wasizungumze kwa sauti. "Dada, nikueleze ilivyo. Sheria inasema ndama ni chombo cha watu wawili, chepesi, cha mwendo mdogo, chenye chumba kimoja. Chumba kimoja. Ukiweka ukuta kati ya anayeendesha na anayebebwa, kwa sheria hicho si ndama tena. Ni chombo cha abiria, Daraja la Tatu, sawa na teksi."

"Kaka, hii ni mianzi. Haifiki hata uzito wa kuku wawili."

"Enzi za mizani ungepita, na ndiyo maana ulikuwa unapita. Macho hayapimi uzito. Yanatazama umbo."

"Basi niandikie hilo la Tatu."

"Linataka leseni kamili. Na leseni kamili inataka cheti cha darasa la saba."

Tupokigwe aliangalia ndala zake. "Mimi niliishia la tano," alisema.

Gwakisa hakusema pole, na kwa hilo Tupokigwe alimshukuru moyoni. Alikuna kichwa tu. "Gari la wagonjwa nimeshaliulizia. Limekwama ng'ambo ya maporomoko; upenyo uliofunguliwa unapitisha ndama tu. Labda jioni, labda kesho. Njia ya haraka ni kukitoa hicho kiambaza. Nina bisibisi hapa."

"Si suala la bisibisi, kaka."

"Najua." Akatabasamu kidogo. "Mama yangu alikuwa akiona kofia tu ya babu kwa mbali, anazama kwenye migomba na ndoo ya maji kichwani. Siku moja alizama akatokea kwa jirani. Najua, dada."

Basi alijua. Hilo lilikuwa gumu zaidi kwa Tupokigwe, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia mtu asiyejua. Kwa wengi kule milimani desturi ile ilikuwa imebaki hadithi ya kuchekesha harusini. Katika boma la Mzee Angolwisye ilikuwa hai. Mkamwana hamwoni baba mkwe, baba mkwe hamwoni mkamwana, na hawasemezani. Yakiwapo ya kusemwa, Ikupa, binti ya Tupokigwe, ndiye aliyebeba maneno huku na huku, na Ikupa sasa hivi alikuwa shuleni. Mumewe, Lugano, alikuwa kiwandani Songwe, akirudi mwisho wa mwezi.

Watu walimwonea huruma, na yeye hakuwa na namna ya kuwaeleza kuwa haikuwa mateso tu. Wenzake walioolewa walitumwa na kukaripiwa na wakwe zao kutwa nzima. Yeye hajawahi kukaripiwa. Pale jikoni kwake, nyuma ya ule ukuta usioonekana, alikuwa mfalme. Mzee alipoanza kuumwa na ikajulikana hakuna mwingine wa kumpeleka, hakumwomba avunje chochote. Alikata mianzi, akakaa uani siku baada ya siku akisuka, akaupa ule ukuta mwili ili uweze kusafiri. Tupokigwe alikuwa amemsikia akipiga mluzi kazini. Aliona ni zawadi, na ilikuwa kweli zawadi.

"Kwa nini waliweka sheria ya namna hii?" aliuliza. "Ukuta wangu unamdhuru nani?"

Gwakisa alitazama dirisha la nyuma, akashusha sauti zaidi. "Kuna dereva mkoa mwingine alikuwa na ukuta wa plastiki. Alimbeba mgonjwa wake, akapitia sokoni, akanunua vitu, akaongea na watu, akaendelea na safari. Alipofungua mlango hospitalini, mwili wa mgonjwa ulikuwa umeshapoa. Wakasema basi: kwenye chombo chepesi hakuna kamera, hakuna mhudumu, hivyo anayeendesha ndiye awe jicho. Lazima aweze kumwona anayebebwa."

Kisha akasema haraka kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajabadili mawazo. "Lakini mimi ninaweza kuiambia mashine kwamba hicho si ukuta, ni mzigo. Mianzi ya kuuza. Nikithibitisha kwa kidole changu, macho yatakubali. Utapita leo, utapita siku zote. Nani atakuja kukagua mianzi? Uamuzi ni wako, dada. Sikulazimishi upande wowote."

*

Ilikuwa rahisi hivyo. Kidole kimoja kwenye kioo. Tupokigwe alifungua mdomo aseme ndaga, asante, kaka, weka.

Lakini akakumbuka safari ya Alhamisi iliyopita, wakirudi kutoka hospitalini. Barabara ilikuwa na kawaida, kila baada ya kona kadhaa, kumuuliza dereva mwenye mgonjwa: abiria wako yuko salama? Yeye hugonga mianzi, mzee hugonga moja, naye huijibu barabara, "Amegonga." Alhamisi aligonga, na nyuma pakawa kimya. Akagonga tena. Kimya. Alisimamisha gari kando ya chai, akashuka, akasimama nje ya mlango wa nyuma, mkono ukiwa umefika hadi kwenye kitasa na kukataa kwenda mbele. Hakufungua. Alikimbilia shambani akamwita mchuma chai, mwanamke asiyemfahamu, akamwomba amwangalizie. Akasimama amegeukia mlima, akingoja kuambiwa kama alikuwa na mtu au maiti. "Amelala," alisema yule mama, na akamtazama Tupokigwe kwa namna ambayo hajaisahau.

"Kaka," alisema, "muulize yeye. Muulize anasemaje."

Gwakisa alielewa. Alisimama katikati ya milango miwili, kishikwambi kifuani, kama mshenga. "Tata, mkamwana wako anauliza..."

"Nimesikia. Figo ndizo zilizokufa, si masikio. Huko kunong'ona kwenu kote nimekusikia."

"Samahani, tata. Basi unasemaje?"

"Mwambie akubali. Uandike mzigo. Umekosea wapi? Mwenye kuchukuliwa mgongoni kutwa ni mzigo."

Gwakisa aligeukia mbele. "Anasema..."

"Nimesikia," alisema Tupokigwe. "Mwambie yeye si mzigo."

"Tata, anasema..."

"Mwambie asinipambe, tunachelewa." Mzee alikohoa, kikohozi chenye maji ndani yake. Wote wawili walikisikia. "Na mwambie kiambaza hakitoki. Nimeishi na heshima hii tangu mke wangu akimkimbia baba yangu. Siwezi kuja kuivua barabarani, mbele ya foleni, kwa sababu lami imepata macho."

Gwakisa alifungua mdomo apeleke ujumbe, akaona hauna haja. Alibaki akiangalia huku na huku.

Tupokigwe aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Mbele yake ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na bega la mlima Rungwe likaonekana, jeusi, limelowa.

"Baba," alisema.

Foleni haikusikia. Gwakisa alisikia, akainamisha kichwa. Nyuma ya mianzi pumzi ilikatika.

"Baba, Alhamisi uliponyamaza nilimwita mchuma chai aje akuangalie. Mimi nilisimama nje. Kitasa nilikishika nikakiachia. Kama pasingekuwa na mtu shambani, sijui ningesimama pale hadi lini. Nimelala na hilo kila siku tangu Alhamisi. Huyu kaka anaweza kuidanganya barabara, mimi siwezi kurudi kusimama pale. Nikikupeleka, nataka nijue ninayempeleka yupo. Ukikataa, tutangoja gari la wagonjwa hapa hapa, na mimi nitangoja na wewe. Lakini nyuma ya kiambaza sikupeleki tena."

Dereva mmoja kwenye foleni alipiga honi. "Oya, mnatoa mahari hapo?"

"Subiri, bwana!" Gwakisa alifoka. Kisha kwa upole, "Dada, nina kisu. Nikate zile kamba za juu, tumalize?"

"Rudisha kisu chako," ilisema sauti ya mzee.

Ilikuwa sauti nyingine, ya chini, ya mtu mzee zaidi kuliko ile ya mwanzo.

"Hakikatwi hicho. Sikukifunga kwa kukatwa. Kamba inapita ndani na nje, fundo liko huku, mwisho wake uko huko. Anayekaa mbele hawezi kukifungua peke yake, na anayekaa nyuma hawezi. Nilikifanya hivyo makusudi, ili asije mmoja wetu akakivua kwa hasira." Akapumua. "Au kwa kuonea mwenzake huruma."

Tupokigwe alingoja. Alisikia kamba ya gome la mgomba ikisuguana na mianzi, vidole vizito vikihangaika, vikipumzika, vikihangaika tena. Ingekuwa rahisi kwa Gwakisa kuingiza mkono na kusaidia. Hakuingiza.

Fimbo ikagonga sakafu. Moja.

Aliugeukia ukuta, akautafuta mwisho wa kamba pale chini kulia, akauvuta. Kamba ilikuja kwa urahisi wa kustaajabisha, ikipita tundu hadi tundu, na kila alipovuta alihisi upande wa pili mkono mwingine ukilegeza. Kiambaza kililegea, kikainama, kikamwangukia begani kama mtoto aliyesinzia.

Hakugeuka. Aliona kwa pembe ya jicho kitambaa kikubwa cha kijivu kikivutwa juu, kikafunika kila kitu kilichokuwa na uso.

"Upeleke huo ukuta bandani, uegemeze mahali pasipovuja," mzee alimwambia Gwakisa kutoka ndani ya shuka. "Usije ukauwashia moto. Nitaupitia nikirudi."

"Nitaulinda, tata."

Gwakisa alirekebisha kioo cha juu ya usukani ili kitazame nyuma, akainua kishikwambi, akakipitisha mbele ya kigari. Kililia mlio mmoja mwepesi. "Chumba kimoja," alisema. "Ni ndama." Hakutabasamu. Alifunga mlango taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

*

Taa ikawa kijani. Lami ilianza kunyonyesha, na Tupokigwe aliuhisi ule mvumo mdogo miguuni. Kigari kilionekana kipana na kitupu. Upepo wa dirisha la nyuma, ambao hajawahi kuuhisi, ulimgusa shingoni.

Alikuwa na aibu ambayo haikuwa na pa kwenda. Alijua kuwa jikoni kwake hapatakuwa pale pale tena. Pengine kesho mzee atamwita kwa sauti, atamtuma, atamkaripia chumvi. Pengine atarudi akamwambia Lugano kuwa mkewe hana adabu. Hayo yote yalikuwa yakimngoja nyumbani, na ili yafike, ilibidi kwanza mzee naye afike. Sheria haikuwa imeuliza kiambaza kimesukwa na nani, wala kwa nini. Iliona ukuta, ikasema ukuta. Haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kumeza.

Walipita kona ya kwanza. Wakapita ya pili.

"Dereva mpendwa," ilisema barabara. "Abiria wako yuko salama?"

Mkono wake ulienda nyuma wenyewe kutafuta mianzi ya kugonga, ukakutana na hewa. Alisikiliza fimbo. Fimbo haikugonga.

"Dereva mpendwa. Abiria wako yuko salama?"

Aliinua macho kwenye kioo.

Palikuwa na shuka ya kijivu, imesimama kama kichuguu. Haikutikisika. Mguu wake ulihama kwenye pedali, tayari kusimamisha gari. Halafu ile shuka ikashuka kidogo. Ikashuka hadi chini ya pua, ikaishia hapo, imeshikwa na vidole vilivyovimba. Palikuwa na paji pana lenye mikunjo, na macho mawili mekundu ya mtu ambaye hakulala vizuri. Alidhani mzee atakuwa na uso mkali. Ulikuwa uso wa Ikupa, umezeeka.

Macho yalimtazama kwenye kioo muda wote barabara ikisubiri jibu.

"Tazama mbele," alisema Mzee Angolwisye. "Na ukanyage. Unaendesha kama umebeba mayai."

Tupokigwe alitazama mbele. Mlima ulikuwa wazi wote sasa, hadi kileleni.

"Yuko salama," aliiambia barabara. "Nimemwona."